Maji Yamesimama Kwenye Tuta

Chuo cha Madereva, Bweni la Pili
3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu tunapigiana kelele tu. Jana nimekwambia "nimechaguliwa" mara nne, na wewe unajibu "umeugua?" Sijaugua, Baba. Nimechaguliwa. Tulikuwa mia na sitini, tumebaki kumi na wawili, na kati ya hao wanne ndio watakaoendesha treni ya mwendokasi safari za mwanzo. Mimi ni mmoja wao. Mwenzangu wa zamu tunamwita Mpole, zamani alikuwa dereva wa lori. Hata breki anaivuta kama anaiomba radhi.

Nikueleze chumba cha dereva kilivyo. Kioo ni kikubwa kama mlango wa duka. Ukifika mwendo wa mia mbili na thelathini, mtu aliyesimama kando ya njia humwoni kama mtu. Unaona rangi, imepita. Mara ya kwanza nilishuka nikainama, nikajifanya nafunga kamba za viatu.

Unajua kwa nini niliomba kazi hii, sihitaji kukuandikia sana. Mama alikufa ndani ya treni iliyokaa porini saa tano nzima kwa ajili ya reli mbovu, akiwa njiani kwenda hospitali. Nilikuwa na miaka tisa. Tangu siku ile sipendi kitu kinachochelewa.

Na usisikilize maneno ya sokoni. Treni ya zamani haitaondolewa. Zitakwenda zote mbili.

Binti yako

*

Nyumbani, karibu na stesheni
19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeisoma mara mbili peke yangu, mara ya tatu nikamsomea shangazi yako, naye akaenda kuwasomea majirani bila ruhusa yangu. Hongera sana. Mimi nimekuwa mnyapara wa reli miaka thelathini na moja na sijawahi kuketi kwenye kiti cha dereva hata wa treni ya kokoto.

Sasa nikueleze ya huku. Uzio wenu wa njia mpya umekamilika. Umepita katikati, soko limebaki upande ule na zahanati upande huu. Shangazi yako na moyo wake ule anazunguka mpaka kwenye daraja la juu, akifika kupimwa presha wanamwambia iko juu. Itakosaje? Treni ya majaribio ilipita Alhamisi. Nimehesabu: sekunde nane, kisha vumbi. Ya zamani inasimama hapa dakika ishirini, watu wanashusha nyanya, wanapandisha mgonjwa, wanapeana salamu. Sisemi yenu ni mbaya. Nauliza tu sisi tuliowapa njia tunapata nini kwenye hizo sekunde nane.

Lakini hilo silo lililonifanya nichukue kalamu. Kule bondeni, kilomita ya mia mbili na kumi, njia ya zamani ina daraja la matundu matano. Nimelisafisha kwa mikono yangu kila mwaka kabla ya mvua. Wenzenu wamejenga tuta la udongo mbele yake, na kwenye tuta wameweka makalvati mawili tu ya kupitisha maji. Moja halinitoshi hata mabega. Mvua kubwa bado, na tayari maji yamesimama kwenye tuta upande wa juu. Nimechomeka vijiti vitatu nipate kuona yanavyopanda. Waambie wahandisi wenu waje watazame. Nimeandika ofisini kwao barua mbili, sijajibiwa.

Baba yako

*

Chuo cha Madereva
2 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo nimeitwa ofisini mbele ya watu. Mkuu wa madereva ameshika barua zako zote mbili, na chini umeandika "mimi ni baba wa dereva wenu fulani." Baba! Akaniuliza, "Mzee wako ni mhandisi?" Nikasema alikuwa mnyapara. Akatabasamu. Afadhali angenitukana.

Wale waliopanga yale makalvati wamesoma. Wana vipimo vya mvua vya miaka mingi, wana kompyuta, wamejenga njia kama hizi kwingine. Huwezi kushindana nao kwa vijiti vitatu.

Na kuhusu kupata nini: mtoto wa pale kwetu atasoma chuo huku na kurudi kulala kwao. Mgonjwa atafika akiwa hai. Nchi haiwezi kukaa inasubiri nyanya zishushwe. Unajua ni wangapi wanatucheka kwamba tumejinunulia kitu kilichotuzidi? Sitaki baba yangu awe mmoja wao.

Tafadhali usiandike tena ofisini, na jina langu usilitaje.

Binti yako

*

Nyumbani
11 Machi

Mwanangu,

Nimeelewa. Sitaandika tena, wala sitakutaja. Nisamehe kwa kukuaibisha. Mimi ni mzima, hakuna shida yoyote huku. Mvua zimeanza. Kula vizuri.

Baba yako

*

Nyumbani
14 Machi

Mwanangu wee,

Mimi shangazi yako. Naandika yeye akiwa amelala na mguu juu ya mto, na akijua nimekuandikia tutakosana.

Hakuna shida yoyote, amekwambia hivyo, siyo? Jumatatu walinzi wa uzio walimkamata. Alikuwa amepenya upande wa ndani kwenda kutazama vijiti vyake. Wamemweka kwenye kontena lao tangu asubuhi mpaka alasiri, mtu mzima na mvi zake, wanamwuliza kama ni mwizi wa nyaya. Alipotoka akateleza kwenye tope la tuta, kifundo cha mguu kimevimba kama embe. Nikamwambia sasa basi. Akanijibu, "Kijiti cha pili kimezama." Nikamwambia nakuuliza habari ya mguu! Akasema, "Na upande wa pili tuta linatoa jasho."

Mimi sijui tuta linatoaje jasho. Ila namjua kaka yangu. Huyu hakunji uso ovyo. Siku hizi anakula matonge mawili anasukuma sahani.

Halafu nataka uniambie ukweli wewe uliye karibu na wakubwa. Hii treni ya zamani ndiyo inayonipeleka kliniki ya moyo kila mwezi. Mkuu wa stesheni ameanza kufungasha vitabu vyake. Anafungasha aende wapi?

Shangazi yako

*

Chuo cha Madereva
22 Machi

Baba,

Shikamoo. Najua habari za kontena na za mguu. Usimgombeze Shangazi.

Kwanza nikiri. Nilikuandikia kwamba treni ya zamani itabaki. Haitabaki. Waraka niliuona tangu Januari: ya kwetu ikishafunguliwa, ya zamani inasimama ifikapo Julai. Sikutaka furaha yangu ianze kwa ugomvi. Mwambie Shangazi uongo ulikuwa wangu, mkuu wa stesheni hamo.

Pili, nilikwenda kwa mkuu wa madereva mwenyewe bila kuitwa. Nikamweleza vijiti, nikamweleza jasho, yale maji yanayopenya upande wa pili wa tuta. Safari hii hakutabasamu. Alifunga mlango, akaniambia, "Ukaguzi ulifanyika kiangazi, tuta likapasishwa. Ufunguzi ni tarehe kumi na mbili Aprili, wageni wamealikwa kutoka kila pembe. Unataka niwaambie wasije kwa sababu ya vijiti?" Nikamwomba basi pale bondeni tupewe amri ya kupunguza mwendo, hata kwa wiki mbili. Akasema amri ya mwendo haitolewi na dereva, na dereva anayetoa amri zake mwenyewe si dereva.

Tarehe pili Aprili mimi na Mpole tunaendesha safari ya mwisho ya majaribio. Wafanyakazi mia tatu wamepewa nafasi, wengine na familia zao. Tumeagizwa tupite kila mahali kwa mwendo kamili, maana saa za kufika zitatangazwa.

Baba, ni siku ya tano leo. Nikifumba macho naona rangi ya maji. Nikipunguza bila amri nimemaliza kazi yangu. Nisipopunguza na wewe ukawa sahihi... Nilikwambia usiandike. Sasa naomba uandike. Ungekuwa wewe, ungefanya nini?

Binti yako

*

Nyumbani
27 Machi

Mwanangu,

Umeniuliza ningefanya nini. Nitakwambia nilichofanya.

Siku aliyokufa mama yako, wewe ukiwa kwa shangazi yako, mliambiwa treni ilizuiwa porini na reli mbovu. Hamkuambiwa nani aliizuia. Ni mimi.

Asubuhi ile nilimpandisha mama yako behewa la tatu na mama mmoja jirani wa kumshika. Alikuwa anavuja damu tangu alfajiri. Siku ile treni ilikuwa ikae nusu saa ikisubiri mizigo, kwa hiyo nikatangulia na toroli la reli pamoja na gangi yangu ya vibarua, kukagua njia kama kawaida, nikisema moyoni leo hakuna kitakachomchelewesha. Kilomita sita mbele nikakuta reli imepasuka kwenye kona. Ufa unaingia kidole. Nikasikia honi inakuja.

Ningeweza kumwambia dereva apite taratibu. Wengine wamewahi kupita kwenye ufa kama ule, na wengine hawakupita. Ndani walikuwa watu mia nne. Nikasimama katikati ya njia na bendera nyekundu, nikijua behewa la tatu kuna nani.

Reli ya kubadilisha ililetwa kwa mkono kutoka bohari. Saa tano. Nafunga parafujo, nakimbia behewa la tatu, narudi. Safari ya nne mama yako aliniuliza, "Mmemaliza?" Nikamwambia bado kidogo. Akasema, "Basi nenda ukamalize." Nilipokwenda mara ya tano yule jirani alikuwa ameshamfunika uso.

Sikukwambia kwa sababu ulikuwa na hasira na treni, nikaona afadhali uichukie treni kuliko kunichukia mimi. Umekua na hasira hiyo, imekufikisha ulipo, nami nimekuwa nakusikiliza ukiisimulia na kunyamaza. Mpaka leo sijui kama yule dereva angevuka salama. Hilo ndilo linaloniamsha.

Kwa hiyo sikwambii upunguze, wala sikwambii usipunguze. Nakwambia hali ya tuta leo: kijiti cha tatu kimebaki vidole vinne. Juu ya tuta, upande wa bondeni, kuna ufa mrefu kama hatua thelathini. Nimeutazama nikiwa nje ya uzio.

Baba yako

*

Chuo cha Madereva
5 Aprili

Baba,

Nilipunguza.

Kilomita ya mia mbili na saba nikaanza kuvuta breki. Mpole akanitazama. Sauti ya chumba cha uongozaji ikauliza kuna nini, nikajibu, "Njia siiamini." Tukapita bondeni kwa mwendo wa baiskeli. Nilitoa kichwa dirishani kutazama tuta, na sikuona kitu. Nyasi, maji, jua. Watoto wa wafanyakazi wakapiga makofi, wakidhani tumewapunguzia waone ndege wa majini. Nilikutafuta nje ya uzio, hukuwepo.

Tulifika tumechelewa dakika kumi na tisa. Nikavuliwa beji palepale kwenye jukwaa. Kesho yake wakaguzi walitembelea kile kipande kwa gari, wakaandika ufa ni wa juu juu, wakaujaza saruji. Ufunguzi anaendesha Mpole na mwingine. Mimi niko bwenini nasubiri barua ya kufukuzwa, na wenzangu wakinipita wananiuliza kama nimewaletea kijiti.

Ningeweza kuvumilia hayo. Lakini miaka ishirini, Baba! Miaka ishirini nasimulia kifo cha mama yangu kwa watu, nimekisimulia hata kwenye usaili wa kazi hii, na wewe umekaa pembeni unaitikia kwa kichwa. Naomba usiniandikie kwa sasa.

*

Nyumbani
26 Aprili

Mwanangu,

Mimi tena, Shangazi. Yeye amekatazwa kukuandikia na anatii kama mtoto wa shule. Redioni umesikia, lakini redio hazikuwepo hapa. Mimi nilikuwepo.

Jana saa tisa alasiri mvua ilikuwa imekatika. Baba yako alikuwa kwenye kile kilima nje ya uzio, nimemfuata na chai. Maji yalikuwa yamefika juu ya kijiti, hakuna tena cha kupima. Tangu ufunguzi alikuwa ananiambia kitu nisichokiamini: kwamba treni zikifika pale zinapunguza. Zote. Anazisikia kwa miguu, maana masikio hana. "Hawajapewa amri," anasema, "wanafanya wenyewe."

Basi ikaja ile ya saa tisa. Ikapunguza, kweli, ikawa inatambaa. Ikafika katikati na ule udongo ukaondoka, mwanangu, bila hata kishindo. Uliondoka kama uji unavyomwagika. Mabehewa mawili ya nyuma yakalala ubavuni kwenye maji. Nikapiga kelele mpaka nikapungukiwa pumzi. Kaka yangu na mguu wake ule aliruka uzio, sijui aliurukaje, walinzi walewale wakamfuata, wakawa wanavunja vioo na kupokea watu. Mikono imevunjika, mbavu zimevunjika, mama mmoja mjamzito amelazwa. Hakufa mtu.

Dereva alikuwa Mpole wako. Alikaa kwenye majani, nikampa ile chai. Nikamwuliza kwa nini alipunguza. Akasema, "Mwenzetu alipoteza kazi yake pale. Tukaambiana, tukifika pale tutaangalia tu."

Baba yako amekaa uani tangu asubuhi. Hajasema "niliwaambia" hata mara moja. Mwandikie.

Shangazi yako

*

Mji mkuu
10 Mei

Baba,

Shikamoo.

Leo nimehojiwa na tume ya uchunguzi siku nzima. Waliniuliza kwa nini nilipunguza, nikasema baba yangu aliniambia. Mmoja akacheka, mwenyekiti akamtazama akaacha. Wakaomba barua zako. Nimewapa zote isipokuwa ya tarehe ishirini na saba Machi. Ile si yao.

Mwenyekiti ni mama mtu mzima, anaongea polepole. Mwishoni aliniuliza, "Kwa hiyo wewe unaona nchi yetu haikuhitaji treni hii?" Nikamwambia tuliihitaji. Tulihitaji na matundu matano. Akaandika. Nikaona nisiishie hapo, nikamwambia pia kwamba inapita kwetu sekunde nane, na kwamba shangazi yangu ana kliniki ya moyo. Akaandika na hilo.

Mkuu wa madereva amesimamishwa. Nilikutana naye ngazini, akaniambia, "Walinipa tarehe tu. Hakuna aliyenipa ruhusa ya kuibadilisha." Nilitaka kumchukia, nikaona macho yake hayajalala.

Wamenirudishia beji. Bado sijaivaa.

Kuhusu mama. Nimesoma barua yako mpaka karatasi imelegea. Kuna siku naamka nasema ungemwachia dereva apite. Halafu nakumbuka mikono yangu kwenye breki, na watoto wale wakipiga makofi. Sijamaliza kukukasirikia, Baba. Lakini niandikie. Nisipopata barua zako nasikia vibaya zaidi.

Binti yako

*

Hospitali kuu, nje kwenye benchi
18 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Usishtuke na anwani, mgonjwa ni shangazi yako na ni vipimo vyake vya kila mwezi tu. Nakuandikia hapa kwa sababu sikutaka nifike nyumbani nikiwa nimeshajikaza.

Tumekuja na treni yenu. Tangu daraja jipya likamilike inasimama kwetu, mara moja asubuhi na mara moja jioni. Najua leo uko njia ya magharibi, nami nilifurahi kwamba si wewe uliyekuwa unaendesha, nisingeweza kukaa kitini. Hata hivyo pale bondeni nilisimama. Kijana wa tiketi akaniambia, "Mzee, kaa." Nikamwambia subiri kidogo.

Tulitumia saa moja na dakika nane. Shangazi yako alikuwa hajamaliza kumsema jirani tuliyemwacha stesheni. Nikamwingiza kwa daktari, nikaja hapa nikatazama saa, nikapiga hesabu niliyoikimbia miaka yote. Mama yako angefika. Angefika asubuhi, daktari akiwa ndiyo kwanza anavaa koti. Nimelia hapa hadharani, mlinzi akaniletea maji akidhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Ulikuwa sahihi, na nilitaka uwe na maandishi yangu ya kukiri hivyo.

Lakini behewani nilitafuta akina mama wa nyanya, sikuona hata mmoja. Nyanya haziruhusiwi, na ya zamani imeshakwenda. Yule anayeuza karibu na kwetu sasa anasubiri lori barabarani, likija limejaa anarudi na makapu. Akiniuliza yeye kama treni hii imetufaa, sitaweza kumtazama. Nikijiuliza mwenyewe kwenye benchi hili, siwezi kusema haikutufaa. Nimekaa nayo yote mawili, hayakubali kuchanganyika.

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa kwetu, nayaona kutoka hapa. Daraja ni zuri, matundu ni matano, nimeyaingia yote na wahandisi wenyewe. Lakini wiki iliyopita la pili kutoka kushoto lilikuwa limeshaanza kushika takataka, na sijui siku hizi nani amepewa kazi ya kulisafisha. Walinzi hawajui. Stesheni hawajui. Uliza huko uliko, mwanangu, mpaka upate jina la mtu. Ukilipata niandikie leoleo, nikamwone.

Baba yako